Doo ya Fegi na Sanamu za Barlach

Mimi ni Mkamba wa Zombe, kwa hivyo ukinionyesha sanamu ya mbao nitasimama kuiangalia hata kama matatu inaniacha. Huku kuchonga ni mambo ya nyumbani. Hadithi tunayopewa ni ya Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyerudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi aliouona kwa Wamakonde, halafu ikawa biashara ya Ukamba mzima.

Sasa juzi nilikuwa mtandaoni natafuta wachongaji wa nchi zingine, nikakutana na Mjerumani anaitwa Ernst Barlach. Ana sanamu tisa za mwaloni, watu wamesimama wakisikiliza tu. Hawafanyi kitu kingine. Nilikaa nazo karibu nusu saa. Halafu nikauliza swali ambalo mtu wa harambee lazima aulize: nani alilipa?

Jibu ni sigara.

Aliyelipa ni Hermann Reemtsma, mmoja wa ndugu waliokuwa na kampuni kubwa ya sigara kule Hamburg. Alimtembelea Barlach mwaka 1934, wakati Wanazi walikuwa tayari wanamuandama mchongaji huyo, akamwambia amalizie hizo sanamu. Wasee, hiyo si kitu kidogo. Mwaka 1937 serikali iliondoa mamia ya kazi za Barlach kwenye makumbusho na makanisa, ikisema ni takataka. Barlach akafa 1938. Hermann aliendelea kukusanya kazi zake, na jumba aliloliandaa, Ernst Barlach Haus, likafunguliwa Hamburg mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Bado liko.

Ningependa kuishia hapo nimuite shujaa. Lakini ndugu yake Philipp, aliyekuwa bosi wa kampuni, alikuwa anampa Göring mamilioni ya marki wakati huohuo. Yule Göring wa Hitler. Kwa hivyo faida ileile ya fegi ilimlisha msanii aliyekatazwa na pia mmoja wa wakubwa waliomkataza. Na mvutaji aliyenunua pakiti pale Hamburg hakuulizwa hata moja.

Hiyo ndiyo inanisumbua kuhusu tajiri mfadhili. Sijali sana kama moyo wake ulikuwa mzuri, pengine ulikuwa. Shida ni kwamba mapafu ni ya wengi, lakini anayechagua pesa ziende wapi ni mmoja, na jina ukutani ni lake.

Mtoto wa Philipp, Jan Philipp Reemtsma, alicheza tofauti. Mwaka 1980 aliuza hisa alizorithi, akatoka kwenye sigara kabisa. Mwaka 1984 akaanzisha taasisi ya utafiti wa jamii huko Hamburg, na taasisi hiyo ndiyo baadaye iliyowaonyesha Wajerumani, kwa picha, uhalifu wa jeshi lao wakati wa vita. Kuna watu walikasirika vibaya sana. Huyo namheshimu zaidi, ingawa ni rahisi kuwa msafi ukishauza na pesa ziko benki.

Turudi Kenya, kwa sababu hapa tuko mbele na hatujisifu. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inazuia kampuni za sigara kudhamini mambo ili zijitangaze. Halafu kanuni za 2014 zikaleta kitu kitamu: watengenezaji na waagizaji watoe asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao, kama fidia, kwa mfuko wa kudhibiti tumbaku. BAT Kenya ilipinga kanuni hizo kortini. Ikashindwa Mahakama Kuu, ikashindwa rufaa, na Novemba 2019 ikashindwa Mahakama ya Juu. Hakuna utepe wa kukata, hakuna mgeni wa heshima. Unalipa kwa sababu unadaiwa.

Kama pesa hizo zinafika zinakotakiwa, hiyo ni vita ingine, na sisi vijana ndio tunafaa kuzifuatilia.

Najua mtasema Zombe ina kiu, tajiri wa sigara akileta kisima nitakataa? Sitakataa, maji ni maji. Lakini tangi lisiandikwe jina lake. Mama anayeuza ugoro sokoni, mbaki tunavyoiita, hutoa shilingi hamsini kila harambee ya shule na sijawahi kuona jina lake kwenye ukuta wowote.

Nilimsomea beshte yangu haya yote jana. Alikuwa na kifuko cha nikotini chini ya mdomo, kile cha ladha ya minti. Akasikiliza mpaka mwisho, kama zile sanamu, halafu akaniuliza Barlach anachezea timu gani.