Ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumsuta mgeni mvivu, anayekula na kulala bila kunyanyua kitu. Mimi niliishi nayo ugenini miezi sita, nikaja kuiona kwa upande wake wa pili, upande wa huyo mgeni anayelingoja jembe wala halioni. Naomba msomaji anivumilie nieleze.

Nilifika Hamburg, Ujerumani, Oktoba mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo kutoka Dar es Salaam. Siku mbili kila wiki nilihudhuria masomo, na siku tatu nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika karakana moja ya kutengeneza pampu, karibu na bandari. Mambo ya mwanzo hayakunitaabisha sana. Kujiandikisha kwa serikali ya mji, kupata bima ya afya, kufungua akaunti ya benki, kununua koti zito: kila moja lina ofisi yake au duka lake, na ukiwa na karatasi zako hushindwi. Hata ugali nilipata mbadala wake, kwani katika maduka ya Waturuki kule Altona waliuza unga wa mahindi, na bamia pia.

Kilichonisumbua kwanza ni saa. Sisi Waswahili huhesabu saa kwa kufuata jua: likichomoza ni saa 12, na baada ya hapo ndiyo saa 1 ya asubuhi. Kwetu hesabu hiyo haikosei sana, maana mwaka mzima jua halichelewi wala haliwahi mno. Hamburg mwezi wa Desemba jua huchomoza kama saa 2:30 asubuhi, na saa 10 jioni limekwisha kuzama. Kazi karakanani ilianza saa 1, kiza kikiwa kama cha saa 10 za usiku nyumbani, na tulipofunga kazi kiza kilikuwa kimerudi. Wiki nzima ilipita sijaliona jua ila kupitia dirishani. Nikagundua kwamba lugha yangu imejengwa juu ya jua, na kwamba mtu anaweza kuongea Kiswahili sanifu kabisa na bado asijue ni saa ngapi.

Cha pili ni salamu. Watu wa Hamburg wana neno moja, "Moin", na hulitumia asubuhi, mchana na usiku. Ukishalisema, basi; salamu imekwisha. Hakuna habari za nyumbani, hakuna watoto hawajambo, wala mkubwa haamkiwi kwa neno lake. Mimi niliyelelewa Pangani na bibi yangu, mahali ambapo kijana akimpita mzee bila shikamoo habari hufika nyumbani kabla yake, nilijiona kama ninayelishwa punje moja ya wali kila asubuhi. Ajabu ni kwamba katikati ya ukimya huo maneno mengine yalinifahamu. Ukutani niliona "Schule", nikakumbuka kwamba shule yetu imetoka huko. Hela nayo ni masalio ya heller, sarafu iliyotumika katika koloni la Wajerumani. Maneno yao yamekaa kwetu zaidi ya miaka 100 na leo hakuna anayeyauliza yametoka wapi. Yalizoea kwa sababu yalipewa kazi.

Mimi sikupewa. Katika karakana ile niliambiwa nitazame. Nilitazama wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mafundi walifungua pampu, wakatoa shafti, wakabadilisha beringi, nami nimesimama pembeni na daftari. Hawakuwa wakali hata kidogo. Walinivutia kiti na kunimiminia kahawa katika kikombe cha wageni, kikombe cheupe kisicho na alama, wakati vyao vilining'inia kwenye misumari ukutani, kila kimoja na mwenyewe. Kwa desturi yangu kijana kukaa na kunywa huku watu wa umri wa baba yake wameinama kazini ni aibu. Kwa desturi yao kumwacha mwanafunzi aguse kazi ya mteja kabla ya wakati ni hatari. Pande zote mbili tulikuwa na adabu, na adabu zetu hazikukutana.

Jumapili maduka yote yamefungwa na mji umetulia, nami nilikuwa na mazoea ya kupanda treni bila mpango. Jumapili moja nilishuka Ohlsdorf, penye makaburi makubwa sana, karibu hekta 400, kiasi kwamba mabasi hupita ndani yake. Huko amezikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Alifika Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara Heinrich Ruete, akaitwa Emily. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hakuwa na ndugu hata mmoja. Alifundisha lugha apate riziki, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alifariki mwaka 1924, na inasimuliwa kwamba alizikwa na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza. Nilisimama pale nikiwaza. Mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi mfukoni, yeye hakuwa nayo. Hata hivyo alifundisha, aliandika, alilea. Alijishikia jembe mwenyewe, na mchanga wake akautunza vilevile.

Januari nilipata barua ya kaka yangu. Bibi amefariki, na mpaka barua inanifikia, siku 17 zilikuwa zimepita tangu azikwe. Kwetu msiba haumwachi mtu peke yake hata akitaka. Mikeka hutandikwa, majirani hulala, wanawake hupika. Usiku ule mimi nilikaa chumbani katika bweni la wanafunzi, na nyuma ya ukuta mtu alikuwa akipiga mswaki. Asubuhi nikaenda kazini kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Mzee mmoja wa karakana, ambaye kwa miezi mitatu hatukuwahi kuvuka "Moin", alinitazama usoni akauliza nina nini. Nikamwambia. Alizima mashine ya kukereza, akafuta mikono kwa kitambaa, akanipa mkono na kuushikilia. Akauliza alikuwa na umri gani, na kama ni yeye aliyenilea. Kisha akasema baba yake alikwenda vitani Urusi yeye akiwa mtoto, hakurudi, na hadi leo hawajui kaburi lake liko wapi. Hakuongeza neno. Aliniongoza hadi kwenye meza yake, palipokuwa na pampu iliyofunguliwa, akaniwekea mbele shafti na maikromita. "Pima," akasema. "Mara tatu, mahali patatu, uandike."

Nikapima. Akakagua, akatikisa kichwa kukubali, akanionyesha jinsi ya kupasha beringi katika mafuta ya moto hadi ipanuke kidogo na kuteleza kwenye shafti bila kugongwa nyundo. Ile ya pili niliiingiza mwenyewe. Mikono ilitetemeka, lakini iliingia. Siku ile nililia nikifanya kazi, na hakuna aliyenishangaa wala aliyenikataza. Nimekaa matanga mengi tangu hapo, na yale ya kwenye meza ya chuma nayahesabu pamoja nayo.

Baada ya hapo mambo yalibadilika bila kutangazwa. Kijerumani kina namna mbili za kumwambia mtu "wewe", moja ya heshima na moja ya waliozoeana, na ni mkubwa anayemkaribisha mdogo kwenye hiyo ya pili. Mzee alinikaribisha. Kwangu kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake tupu ilikuwa shida, ulimi ulikataa. Basi nikamwita "Meister", fundi mkuu, akacheka, likabaki hilo. Mwezi wa Februari niliugua mafua siku mbili. Niliporudi waliniuliza kwa ukali nilikuwa wapi, maana kuna pampu ilikuwa ikinisubiri. Sijawahi kufurahia kukaripiwa kama siku ile.

Vijana wanaokwenda kusoma nje siku hizi wanaongea na nyumbani kwa simu yenye picha kila jioni, na msiba huwafikia saa ileile. Hilo ni jambo jema. Lakini simu haimpi mtu kazi ya kufanya mahali alipo. Kwa hiyo wakiniuliza wachukue nini, huwaambia koti watalipata hukohuko. Watafute mapema mtu mmoja atakayewahitaji kwa jambo fulani, hata likiwa dogo. Na sisi tunaopokea wageni hapa kwetu, tunaowakalisha kwenye kiti kizuri na kuwakataza wasiguse chombo, tukumbuke kwamba ukarimu una siku zake mbili. Ya tatu, tusimcheleweshee mgeni jembe lake.