Chupa ya Mahindi

Bosco alipogonga geti kwa kichwa mara ya kwanza, nilicheka. Kesho yake aligonga tena, palepale, na sikucheka.

Daktari wa mifugo alimulika macho yake kwa tochi. Akasema ni ugonjwa unaoletwa na kupe, na ulikuwa umeshafika hadi nyuma ya macho. Hataona tena. Kisha akaniuliza: mara ya mwisho kumwogesha dawa ya kupe ilikuwa lini? Nikamwambia mwezi uliopita. Uongo. Pesa ya dawa ilikuwa inaishia kwa bando na nauli.

Nyumbani Mama hakuzunguka. "Sasa mbwa kipofu atalinda nini?" Mama si mkatili. Huku kwetu Rongai mbwa wengi wameajiriwa, hawafugwi. Majirani wawili wakashauri adungwe sindano, alale.

Mimi nikamwonea huruma. Nilimfunga karibu na kibanda chake asijiumize, nikauficha ule mpira wa tenisi aliozoea kuudaka hewani. Wiki tatu alilala tu, pua juu ya miguu. Nikawa naambia watu kwamba amekata tamaa.

Aliyeniumbua ni mtoto wa jirani, wa miaka saba. Alikuja na chupa ya soda yenye punje za mahindi, akaibiringisha uani. Masikio ya Bosco yakasimama wima.

"Anko, si umfungulie?"

Nikamfungulia. Akaifuata ile sauti, akaipita, akarudi akinusa, akaikanyaga, akaing'ata. Mkia wake ukachapa ndoo, maji yakamwagika yote. Mtoto alicheka hadi akaketi chini.

Sasa tuna sheria zetu. Haturushi kitu juu, tunabiringisha chini. Ndoo na mitungi ya maji haihamishwi. Mbele ya ngazi nimetandika gunia, ili akilikanyaga ajue ukingo uko karibu. Namwita jina kabla ya kumgusa. Akikaribia ukuta nasema "taratibu", na siku hizi anapunguza mwendo kabla sijamaliza neno. Kuna pia soksi kuukuu niliyofunga omena ndani. Nikiificha, anaipata haraka kuniliko mimi ningeipata nikiwa na macho yangu mawili. Muziki wa jirani ukiwa juu hatuchezi, tunangoja, kwa sababu kelele humnyang'anya ramani.

Siku moja aligonga ukuta katikati ya mchezo. Nikakimbia kumshika. Akanikwepa, akatikisa kichwa, akaendelea kutafuta chupa yake. Hapo ndipo nilipojiona. Bosco hakuwa ameacha kucheza. Mimi ndiye niliyekuwa nimeacha, kwa sababu kila nikimtazama nilikuwa naona ile dawa ambayo sikununua. Nilimfunga yeye kamba kwa sababu ya aibu yangu, halafu nikaiita huruma.

Wiki jana nilirudi kwa daktari kununua dawa ya kupe. Nikamwambia ukweli. Hakunifokea. Aliandika tarehe ya kurudi kwenye kadi, akanipa.

Juzi usiku Bosco alibweka kabla hata geti halijaguswa. Mama akasema kutoka dirishani, "Huyo anasikia, bwana." Asubuhi nikakuta chupa tupu ya mafuta ya kupikia mlangoni. Nikaitikisa. Ilikuwa na mahindi ndani.