Malio ya Kiko: Tafakuri kuhusu Ulaini wa Moshi

Miongoni mwa vifaa ambavyo waandishi huwapa wahusika wao ili msomaji awatambue mara moja kuwa ni watu wa fikra, kiko kina nafasi ya pekee. Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle anacho. Maigret wa Georges Simenon hatengani nacho. Nje ya vitabu, Bertrand Russell na Albert Einstein walipigwa picha nyingi wakiwa nacho. Kwa hivyo, machoni mwa msomaji, kiko kimekuwa ishara kabla ya kuwa chombo. Mwaka 1929 mchoraji wa Ubelgiji, René Magritte, alichora kiko kwa ustadi mkubwa, kisha chini yake akaandika maneno ya kukana kwamba hicho ni kiko. Wahakiki wameijadili sana picha hiyo, na Michel Foucault aliitungia kitabu. Aliyesahauliwa katika mjadala huo ni yule aliyeiamini picha, akaenda dukani kuinunua, akaitia mdomoni.

Mhadhiri mmoja wa fasihi jijini Nairobi alikuwa mtu wa namna hiyo. Alinunua kiko cha kinundu cha mzizi wa mti uitwao Erica arborea, unaomea kandokando ya Bahari ya Mediterania, ambao ndio hutumiwa zaidi kwa kazi hiyo kwa kuwa hustahimili moto. Hakuna aliyemfunza namna ya kukitumia, naye hakudhani kwamba jambo hilo lilihitaji mafunzo. Alikijaza tumbaku mpaka juu, akaishindilia kwa kidole gumba kama mtu anayeshindilia sufi godoroni, akawasha, akavuta kwa mashavu mawili. Alichochelea ni kimoja tu: kiko kisije kikamzimikia mbele ya wanafunzi. Baada ya dakika chache kiko hakikushikika kwa joto, maji machungu yakapanda mrijani hadi mdomoni, na ulimi ukaungua kana kwamba amenywa uji unaotokota. Aliilaumu tumbaku, akabadilisha aina. Alikilaumu kiko, akanunua kingine. Ulimi uliendelea kuungua.

Aliyemwokoa ni mjomba wake, mzee wa Mombasa, ambaye siku moja walikuwa wameketi pamoja barazani, Mji wa Kale. Mzee alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza:

"Kwani wamfukuza nani, mwanangu?"

"Simfukuzi mtu, Mjomba. Naogopa kisizime."

"Kikizima si utakiwasha? Kiberiti kina njiti ngapi?"

Waama, katika maneno hayo machache mlikuwamo zaidi ya nusu ya elimu yote ya kiko. Mjomba alikuwa amekulia miongoni mwa wazee waliovuta kiko cha maji, na kila sehemu ya chombo hicho aliijua kwa jina lake. Tumbaku na moto hukaa katika bori. Kutoka kwenye bori hushuka digali, mrija unaoupeleka moshi katika kifuu chenye maji, nacho kifuu hicho ndicho kiko chenyewe. Kutoka hapo moshi hupitia shilamu hadi kinywani. Sauti ya maji yanapobubujika huitwa malio ya kiko. Istilahi hizi zimo pia katika msamiati wa Edward Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Kwa mzee huyu, hata hivyo, hazikuwa istilahi za kamusi. Malio yalikuwa kipimo: mvutaji aliyetulia kiko chake hulia taratibu na kwa vituo, ilhali mwenye pupa kiko chake hufoka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Fauka ya hayo, mzee alitumia kitenzi ambacho mhadhiri alikuwa amekisoma tu bila ya kukitilia maanani. Hakusema kuvuta tumbaku. Alisema kunywa tumbaku. Matumizi hayo ni ya kale, na siku hizi ni nadra kusikika. Mtu husadiki kuwa ni suala la msamiati tu mpaka atakapojaribu kulitenda neno lenyewe. Anayevuta hutumia nguvu, kama avutaye kamba au jahazi. Anayekunywa kahawa chungu ya moto katika kikombe kidogo huigusa kwa ncha ya midomo, akaonja, akatua, akazungumza, kisha akarejea. Kitenzi kilikuwa kimebeba mbinu ndani yake, na kitenzi kilipoachwa, mbinu nayo ikahitaji kufundishwa upya. Hata methali isemayo kwamba subira yavuta heri ilipata maana ya ziada barazani siku hiyo, na mzee hakuacha kuitania.

Mbinu yenyewe yaweza kuelezwa kwa ufupi. Kwanza ni unyevu. Tumbaku itokayo moja kwa moja katika kopo aghalabu huwa na maji mengi. Maji hayo yakipata moto huwa mvuke, na mvuke ndio mmojawapo wa wachomaji wakubwa wa ulimi. Yafaa basi tumbaku iachwe juu ya karatasi kwa muda, hadi ikibanwa kwa vidole isigandamane bali ifumuke. Pili ni kujaza. Wavutaji wakongwe husema kwamba fungu la kwanza litiwe kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mwanamke, na la tatu kwa mkono wa mwanamume. Yaani chini pawe pepesi, juu pawe pamekazika kidogo. Kabla ya kuwasha, mvutaji hujaribu pumzi: ikipita kwa wepesi kama katika mrija wa soda, kiko kiko tayari; ikikwama, hapana budi kukimwaga na kuanza tena.

Tatu ni moto, nao huwashwa mara mbili. Moto wa kwanza huzungushwa juu ya tumbaku yote, nayo huinuka na kujikunjakunja. Hapo hugandamizwa polepole kwa kijiti, ikalala, ndipo ukaja moto wa pili. Kuanzia hapo, kazi ya mvutaji ni kulilinda kaa dogo lisife wala lisiwe tanuri. Bori likichoma kiganja, atue. Kikizima, akiwashe tena, wala si aibu. Mwisho ni usafi: waya uliovikwa nyuzi za pamba hupitishwa mrijani, lakini mrija hauchomolewi kiko kikiwa na moto usije ukavunjika, nacho hupumzishwa walau siku moja ili kikauke.

Mhadhiri alijifunza haya yote kwa miezi kadhaa, na si ulimi peke yake uliofaidika. Alianza kuwasoma upya wavutaji wa vitabuni. Katika hadithi ya Conan Doyle ya mwaka 1891 kuhusu chama cha watu wenye nywele nyekundu, Holmes anaomba asisemeshwe kwa dakika 50, kwa kuwa tatizo lililo mbele yake litamaliza viko 3. Msomaji wa kawaida huona hapo utulivu. Mvutaji hupiga hesabu: ni takriban dakika 17 kwa kila kiko, tena kiko cha udongo, ambacho hushika joto upesi. Huyo si mtu aliyetulia. Ni mtu mwenye haraka aliyeketi. Katika mashindano ya kuvuta polepole yanayofanyika Ulaya, mshiriki hupewa gramu 3 za tumbaku, vijiti 2 vya kiberiti na kijiti cha kushindilia; mshindi ni yule ambaye kiko chake kitazimika mwisho, na mabingwa wamewahi kupita saa 3. Mhadhiri aliwaeleza wanafunzi wake wa uzamili mfano huo walipomletea uhakiki wa riwaya waliyoisoma kwa usiku mmoja. Walicheka, lakini walielewa.

Lau habari ingeishia hapo, ingekuwa sifa ya subira na basi. Lakini mjomba alikuwa na kiko chake mwenyewe, kilichofinyangwa si kwa mti bali kwa jiwe jeupe jepesi liitwalo mishamu. Jiwe hilo lilichimbwa Sinya, upande wa Tanzania karibu na Amboseli, na viko vyake vilitengenezwa Arusha, vikauzwa hadi ng'ambo kwa chapa ya neno lilo hilo, Kiko. Mishamu ina vitundu vidogo mno vinavyofyonza unyevu, na kwa hivyo moshi wake husifiwa kwa ulaini. Sifa yake ya pili ni kwamba haifichi kitu. Kiko cha mjomba kilikuwa cheupe kilipotoka dukani. Baada ya miaka mingi ya uvutaji wa kistadi kilikuwa na rangi ya asali, na shingoni kilikaribia kuwa cheusi. Wapenzi wa viko huisifu rangi hiyo. Mhadhiri naye aliisifu, mpaka mwaka ambao kidonda kilitokea pembeni mwa mdomo wa chini wa mjomba wake, mahali pale pale shilamu ilipozoea kukaa, nacho kikakataa kupona.

Elimu ya jambo hilo si ngeni. Mwaka 1795 daktari Mjerumani, Samuel Thomas von Sömmerring, alikwisha kuandika kwamba saratani ya mdomo huwapata zaidi wavutaji wa kiko. Tangu wakati huo imethibitishwa kwamba uvutaji huo husababisha saratani za kinywa, koo na mapafu, hata kwa asiyeushusha moshi kifuani, kwani nikotini na sumu nyingine hupenya katika ngozi laini ya kinywa. Maji ya kiko cha kale nayo hupoza moshi, hayausafishi. Subira ya mjomba haikuwa imepunguza sumu kwa kiasi cha kumwokoa. Ilikuwa imeondoa tu ukali ambao ungemfanya aache. Kwa maneno mengine, ulimi ulioungua wa mwanagenzi ulikuwa ukisema kweli, na ustadi ndio uliounyamazisha.

Mzee alipasuliwa, akapona, akabaki na kovu na mdomo uliopinda kidogo. Aliacha tumbaku, mhadhiri naye aliacha. Hapakuwa na kiapo. Siku moja mhadhiri alikitazama kile kiko cha mishamu, akayatazama madoa yake, akaona kwamba jiwe limesomeka vizuri kuliko mtu.

Hapa pana funzo kwa uhakiki, ambao kwa muda mrefu umezoea kusifu ulaini. Kauli inayotiririka, mizani isiyokwama, hoja inayopenya bila ya kumchoma msikilizaji: haya yote ni matunda ya ustadi, na ustadi hustahili heshima. Lakini ustadi hausemi lolote kuhusu kile kilichotiwa ndani ya bori. Propaganda nzuri nayo hulia taratibu na kwa vituo. Mhakiki anayeishia kusema kwamba kazi fulani inasomeka kwa raha ameeleza hali ya ulimi wake tu. Bado hajalitazama doa kwenye jiwe.

Mjomba angali barazani jioni. Akiombwa, hueleza bori ni nini na digali ni ipi, na huyaiga malio kwa mdomo wake uliopinda, mpaka watoto wacheke. Mpwa wake huyaandika maneno hayo daftarini, moja moja, bila ya haraka.