Kutoka R6 hadi Boxer, kilichopungua ni nguvu tu

Mtu aliyezoea pikipiki ya mbio Uingereza, akirudi Dar es Salaam na kukabidhiwa Boxer ya kwendea kazini, aghalabu huiangalia kama aliyevuliwa cheo. Sababu anazo. Yamaha R6 ina injini ya cc 599, silinda nne, na nguvu za farasi zinazokaribia 120. Boxer 150 ina silinda moja na farasi kama 12, yaani sehemu moja ya kumi. Kwa hesabu hiyo watu wetu wengi wa ughaibuni huamua mambo mawili kwa pamoja: kwamba Boxer ni chombo duni, na kwamba haiwezi kumfundisha wala kumdhuru mtu aliyekwisha kulimudu dude kubwa. Yote mawili si kweli, na hilo la pili linaua watu. Kilichopungua ni nguvu. Hatari imebaki palepale, na ujuzi unaotakiwa, kwa maoni yangu, umeongezeka.

Tuanze na suala la uduni. R6 ilitengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano, na nguvu zake zinapatikana injini ikizunguka zaidi ya mara 14,000 kwa dakika. Gia yake ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa. Sasa ipeleke London, ambako barabara nyingi zina kikomo cha maili 20, sawa na kilomita 32 kwa saa, au Wales, ambako tangu Septemba 2023 hicho ndicho kikomo cha kawaida kwenye mitaa ya makazi. Mwendeshaji anakwenda kazini na kurudi bila kuihitaji hata gia ya tatu. Klachi ameishika nusu, kifua kimelala juu ya tangi, uzito wa mwili umeegemea vifundo vya mikono, na feni ya rejeta inampulizia moto mapajani kila taa nyekundu inapowaka. Boxer huondoka palepale unapoachia klachi. Unakaa wima, macho yako yanapita juu ya mapaa ya magari madogo, na usukani unakata kona kiasi cha kupenya kati ya daladala na lori kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Lita moja ya petroli inakupeleka kilomita 40 na zaidi. R6 ikifika 17 imejitahidi. Tairi la nyuma la R6 lina upana wa milimita 180 na huisha haraka kama sabuni, lakini la Boxer halifiki nusu ya upana huo na bei yake haimtoi mtu jasho.

Wala wepesi huo si umaskini wa kiufundi. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa na fundi yuko chini ya mwembe. Injini za kabla yake zilikuwa na kemu juu kabisa, mahali ambapo oili chafu au pungufu huleta madhara mapema. Wahandisi wakaishusha kemu chini, karibu na oili, wakasukuma valvu kwa fito za chuma. Mtu asiyejua angesema wamerudi nyuma, kumbe walikuwa wanamjibu mtumiaji halisi. Viwanda vya China vikainakili injini ile kwa mamia ya majina, na mitoto yake ndiyo iliyojaa kwenye barabara zetu kabla Boxer na TVS za India hazijatawala. Boxer ni ya ukoo mwingine, ila imebeba wazo lilelile. Fundi mwenye spana chache atakubadilishia cheni na sproketi ukiwa unakunywa chai, na plagi ataitoa pikipiki ikiwa imesimama kwa stendi hapohapo kijiweni. Kwenye R6, kuifikia plagi maana yake ni kuinua tangi na kung'oa boksi la hewa kwanza. Chombo kinachoweza kupona popote kilipougulia, kwa mtu anayekitegemea kila siku, kina ubora wake, na huo nao ni uhandisi.

Sasa hatari. Imani ya kwamba pikipiki ndogo haiui inatokana na kudhani kwamba kinachoua ni mwendo wa mashindano. Uchunguzi maarufu zaidi wa ajali za pikipiki uliongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, na ripoti yake ilitoka 1981. Timu yake ilifika yenyewe kwenye maeneo ya ajali 900 hivi za Los Angeles. Ukizipanga ajali zile kwa mwendo, ile ya katikati ilianza pikipiki ikiwa kwenye kilomita 48 kwa saa, na mgongano wenyewe ukatokea kwenye kilomita 35. Hiyo ni gia ya pili au ya tatu ya Boxer, mwendo wa kawaida kabisa kutoka Mwenge kwenda Ubungo asubuhi. Pale pikipiki ilipogongana na gari, theluthi mbili ya makosa yalikuwa ya dereva wa gari aliyemnyima mwenye pikipiki haki yake ya kupita, mara nyingi kwa sababu hakumwona. Na asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Nikiisoma takwimu hiyo ya mwisho nawaona vijana wa vijiweni kwetu, waliojifunza jioni moja kwenye uwanja wa mpira na kesho yake wakapakia abiria.

Hapa ndipo Uingereza wanapotuzidi. Kijana wa miaka 17 haruhusiwi zaidi ya cc 125. Hata hiyo, hapandi barabarani kabla ya mafunzo ya msingi ya lazima, yenye angalau saa mbili za kuendesha barabarani na mwalimu akimfuata nyuma, kisha anafunga kibao chenye herufi L nyekundu. Akifika 19 anaweza kufanya mtihani wa pikipiki ya kati, na kubwa isiyo na kikomo huisubiri, kwa kawaida, hadi 24, au 21 akiwa ameshikilia leseni ya kati kwa miaka miwili. Kwa maneno mengine, pikipiki ndogo imewekewa shule kwa sababu ndiko kunakojengwa mikono na macho. Chombo chenyewe nacho kinasimamiwa: tangu 2017 kila pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 inayouzwa Ulaya lazima iwe na ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisikwame unapofunga breki, na hata ya cc 125 lazima iwe nao au breki za mbele na nyuma ziwe zimeunganishwa. Boxer nyingi zilizoko mitaani kwetu zina breki za ngoma mbele na nyuma, na hakuna kinachomsaidia mwendeshaji ila kiganja na unyayo wake. Tungetegemea asiye na msaada apewe mafunzo zaidi. Kwetu anapewa machache zaidi. (Uingereza nao wana upenyo wao: wasafirisha chakula wengi wa London, na wahamiaji ni wengi miongoni mwao, huishi kwa cheti kile cha mwanzo, wakikirudia kila baada ya miaka miwili bila kufikia mtihani kamili. Hilo nalo ni kosa, na wanaolilipia ni maskini wa kule.)

Najua nitajibiwa kwamba haya ni mawazo ya mtu aliyeshiba. Kijana aliyechukua pikipiki kwa mkataba anadaiwa hesabu ya siku, na siku aliyokaa darasani tajiri haipunguzi. Ni kweli, na ndiyo maana siwezi kulitupa lawama lote kwa dereva. Lakini anayeandika mkataba anaweza kuandika pia kwamba wiki ya kwanza ni ya mafunzo na hesabu inaanza ya pili. Pikipiki ni mali yake, na ikipondwa chini ya lori siku ya tisa hasara ni yake pia. Nitajibiwa tena kwamba helmeti ina joto na ya abiria inanuka jasho la watu kumi. Nalo ni kweli. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa na watafiti kutoka nchi nyingi unaonyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia kama 69 na vifo kwa asilimia kama 42. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, kinachofuliwa, kinaondoa ile karaha. Anayepanda boda kila asubuhi akanunua helmeti yake mwenyewe ametumia fedha vizuri kuliko aliyenunua kava jipya la simu.

Pingamizi gumu zaidi ni la mrudi nyumbani mwenyewe: mimi nimefaulu mitihani yote ya kule, hii ndogo itanishinda nini? Itakushinda kwa mazoea. Kwenye R6 kosa la macho hurekebishwa na mkono wa kulia: umechelewa kuliona lori linalohama, unavuta mafuta, umeshapita. Kwenye Boxer yenye abiria, ikiwa kilomita 70 kwa saa njia ya Chalinze na basi linakuja, mkono wa kulia hauna akiba yoyote. Lazima uwe umeliona lori mapema, umeshusha gia kabla, au umekubali kubaki nyuma yake. Breki ni hivyohivyo. Vidole viwili vilivyotosha kwenye diski mbili za R6 havitoshi kwenye ngoma. Inatakiwa kiganja kizima, na mguu wa kulia, ambao pikipiki ya mbio iliuzoesha kulala, urudi kazini. Kisha kuna mchanga unaotambaa hadi ukingo wa lami, matuta yasiyopakwa rangi, na tairi jembamba lisilosamehe ukifunga breki ya mbele ukiwa umeinama kwenye kona.

Kwa hiyo, kabla ya Jumatatu ya kwanza kazini, tafuta uwanja wa shule Jumapili asubuhi, wenye kipande cha lami na kipande cha vumbi. Kaza nati ya breki ya nyuma hadi pedali iwe na mchezo mdogo tu, na uangalie ulegevu wa cheni kwa kidole. Kisha kimbiza hadi 40, simama, rudia, kwanza kwenye lami, halafu kwenye vumbi, mpaka mguu ujue wenyewe ni wapi gurudumu linaanza kuteleza.