Steringi Aliyempisha Mwizi

Banda la video la mtaani kwetu Temeke lilikuwa na sheria moja: steringi hafi. Ukiona anapigwa mwanzoni, tulia, kiingilio chako hakijapotea. Kwa hiyo mwaka 2003, nilipobanana kwenye benchi kuutazama mkanda wa Spider-Man, uliokuwa umetoka Marekani mwaka mmoja kabla, nilijua mambo yatakavyokwenda. Buibui atamng'ata kijana, kijana atapata nguvu, adui atakiona.

Sikutegemea kuona steringi anampisha mwizi.

Kwa ambaye hajaiona: Peter Parker ni yatima wa Queens, New York, analelewa na Ben, ndugu wa baba yake, na mkewe May. Keshapata nguvu, sasa anataka gari la kumvutia msichana. Anaona tangazo la mieleka: dola 3,000 kwa dakika tatu ulingoni. Anamwangusha mpinzani kwa dakika mbili. Mwenye pambano anampa dola 100, eti dakika tatu hazikutimia! Anatoka amenuna, mara jambazi huyo, mbio, kabeba pesa za yule yule tapeli. Peter anajisogeza pembeni. Mlango wa lifti unafungwa.

Banda zima tulishangilia. Na hapo, bwana, ndipo mwongozaji Sam Raimi alipotukamata, maana kosa lile tulilifanya pamoja na Peter. Muda si muda jambazi yule yule kampiga Ben risasi ili achukue gari lake. Benchi zikawa kimya. Katika kitabu cha picha cha Stan Lee na Steve Ditko cha mwaka 1962, mwizi alimfuata mzee nyumbani. Filamu imemuua barabarani, akiwa amekuja kumchukua kijana wake. Inauma zaidi.

Baada ya hapo picha inalegea. Adui, Green Goblin, amevishwa kofia ngumu inayomficha Willem Dafoe, ilhali anatisha zaidi pale anapojisemesha kwenye kioo, uso mtupu. Halafu Peter anapomkuta muuaji, muuaji anajikwaa na kuanguka dirishani. Waandishi wenzangu, huo ni ujanja wa kukwepa. Kijana alitakiwa kuamua, mtunzi akamwamulia.

Mwaka jana niliitazama tena, kwenye simu, bila mtafsiri. Yule mtafsiri wetu wa banda alikuwa fundi wa maneno, ila alimfunika kila mtu kwa kipaza sauti. Kabla ya mieleka kuna maongezi ndani ya gari, naye alipita juu yake akitania gari la mzee. Sasa nikayasikia. Ben anakiri kwamba yeye si baba yake. Peter anamjibu: basi acha kujifanya. Hawakupata tena nafasi ya kuyazungumza.

Nikasimamisha picha.

Mimi nimelelewa na mjomba. Nikiwa kidato cha pili alinikataza kwenda banda usiku, nikamwambia, "Kwani wewe baba yangu?" Hakunijibu. Alichukua taulo akaenda kuoga. Hakufa usiku ule kama kwenye sinema. Aliishi miaka sita zaidi, tukacheka mengi, tukagombania redio. Radhi sikumwomba, niliona yameshapita.

Katika filamu Peter anamweleza May kinachomsumbua, na May anamjibu kwamba walipendana. Jibu zuri, lakini nililiona jepesi mno, kama plasta juu ya mfupa uliovunjika. Jumapili nikaenda kwa mke wa mjomba, nikamsimulia yale maneno yangu, nikidhani hayajui.

"Aliniambia usiku ule ule," akasema.

Nikamuuliza mjomba alisemaje. Akanisogezea kikombe, akaniambia ninywe chai, inapoa.