Gitaa la Rory na msiba wa mjomba

Wadau, nimekuwa kimya siku nyingi. Kazi za gazeti hizi, ukiingia asubuhi hujui utatoka saa ngapi. Leo naomba tuzungumze msiba. Msishtuke, sijafiwa. Ni msiba wa mwaka 1995, wa mpiga gitaa mmoja wa Ireland aliyeitwa Rory Gallagher, ambaye najua wengi wenu hamjawahi kumsikia. Mimi nilimsikia kabla sijajua kusoma, na kwa miaka mingi nilimcheka mtu aliyekuwa akimlilia.

Mtu huyo ni mjomba wangu wa Tanga. Alikuwa baharia. Miaka ya 1970 na 1980 alizunguka na meli za mizigo, mara Hamburg, mara Rotterdam, mara Antwerp, akarudi nyumbani na mgongo mbovu, jaketi la jinzi na boksi la kanda. Kanda iliyochakaa kuliko zote ilikuwa ya Rory. Anasema aliwahi kumwona Hamburg kwa macho yake, usiku mmoja meli ilipochelewa kupakia, na kiingilio alilipa kwa pesa aliyokuwa ametenga kununulia viatu. (Kila akisimulia, viatu vinabadilika. Mara vilikuwa vya kwake, mara vya marehemu bibi. Nimeacha kumuuliza.)

Mtu wa Tanga kupenda gitaa si ajabu. Mji ule ndio wenye Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na mjomba alikulia kwenye madansi hayo. Lakini kwa Rory alisikia kitu kingine. "Huyu alikuwa anapiga kama mtu anayedaiwa," ananiambia mpaka leo. Utotoni nilidhani anamaanisha Rory alikuwa na madeni.

Rory alifariki London tarehe 14 Juni 1995, akiwa na miaka 47. Taarifa ilimfikia mjomba mwishoni mwa mwaka, baharia mwenzake aliporudi likizo. Mama anasimulia kwamba siku hiyo mjomba alitoa redio barazani, akaweka ile kanda, akakaa kwenye ngazi akilia bila kujificha. Majirani wa Barabara ya 12 wakaanza kuja kutoa pole. Wakauliza marehemu ni nani. Akataja jina. Wakaangaliana. Tangu hapo ikawa hadithi ya ukoo: mjomba aliyemlilia Mzungu wa kwenye kanda. Nimezaliwa nikaikuta, na nimeicheka kwenye Idi na kwenye harusi kama wengine wote.

Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, aliyempenda alikuwa na wa kulia naye, maana mtaa mzima ulizijua nyimbo zake. Mjomba alifiwa na mtu ambaye barabara nzima hakuna aliyemjua.

Sasa tuje Oktoba 2024. Niko kwenye meza yangu ofisini, napitia habari za mashirika ya nje, nakutana na picha ya gitaa. Rangi imebanduka karibu yote, mbao ziko wazi, kama mlango wa banda la kuku. Nilikuwa nimeshasogea kwenye habari inayofuata nilipoona jina. Nikarudi.

Gitaa lile ni Fender Stratocaster la mwaka 1961. Rory alilinunua mwaka 1963 kwenye duka la Crowley mjini Cork, likiwa limeshatumika, kwa pauni 100 za mkopo. Alikuwa na miaka 15. Liliwahi kuibwa Dublin, likapatikana baadaye limetupwa nje na kunyeshewa mvua. Jasho lake lilimalizia rangi iliyobaki. Hakulipaka upya. Alipiga nalo maisha yake yote, na mwaka 2024 familia yake ikaamua kulipeleka mnadani, Bonhams, London.

Kilichotokea ndicho kilichonivuta. Mashabiki walikuja juu. Miaka 29 tangu azikwe, watu wakaanza kuchanga pesa na kuisumbua serikali ya Ireland ilinunue, lisije likaishia ukutani kwa tajiri fulani. Mmoja wa waliokuwa mbele kwenye kampeni hiyo alikuwa binti wa mwenye duka lile lile la Cork. Tarehe 17 Oktoba 2024 liliuzwa kwa pauni 889,400, zaidi ya shilingi bilioni 3 za kwetu. Mnunuzi ilikuwa kampuni ya promota wa muziki wa huko huko Ireland, nayo ikatangaza kwamba inalitoa zawadi kwa Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo.

Nikaandika. Maneno 600, nikiyapenda mwenyewe. Mhariri akasoma kichwa cha habari tu, akauliza, "Nani anamjua huyu?" Swali la haki, sikuwa na jibu. Ikatoka aya tatu, bei ikiwa juu kwa herufi nene, na hao watu waliochanga wakiwa wamefutwa kabisa. Habari ikawa ni bei ya mbao.

Usiku ule nilitafuta filamu ya Tony Palmer, Irish Tour '74, nikaitazama mpaka mwisho. Nilitaka kujua mjomba aliona nini.

Wadau, lazima muielewe Belfast ya wakati ule. Mwaka 1972 peke yake waliuawa karibu watu 500 katika vita ile ya Ireland Kaskazini, mabomu mitaani, Wakatoliki huku na Waprotestanti kule. Wanamuziki wengi walikuwa hawakanyagi, na huwezi kuwalaumu. Rory alikuwa akienda. Mwaka 1972 ulipoanza alikuwa jukwaani Ulster Hall. Baadaye akarudi tena, kwenye ziara ile ile ya filamu. Ndani ya ukumbi ule vijana wa pande zote mbili walibanana bega kwa bega kwa saa mbili, kisha kila mmoja akarudi mtaani kwake kusikokuwa salama. Mwenyewe hakuwa mwanasiasa. Alizaliwa Ballyshannon, Donegal, tarehe 2 Machi 1948, utoto akapitia Derry, akakulia Cork. Alikuja, akapiga, akaondoka, na mwaka uliofuata akaja tena.

Na alikuja na shati la drafti na jinzi, nguo zile zile za watu waliosimama mbele yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wasomaji wa jarida la Melody Maker la Uingereza walimchagua mpiga gitaa bora, enzi ambazo Eric Clapton yuko hai na anapiga. Hakubadilisha shati. Januari 1975 Rolling Stones walimwita Rotterdam kupiga nao, wakati wanatafuta wa kuziba nafasi ya Mick Taylor. Alikwenda, akapiga nao siku chache, halafu akaondoka kwa sababu alikuwa ameshaahidi maonyesho Japan. Mimi ningepiga simu Japan kuomba radhi, nasema ukweli.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa lile neno la mjomba. Rory alikuwa hapigi kama mtu aliyekuja kuchukua pesa ya kiingilio. Anatoka jasho mpaka shati linabadilika rangi, anafumba macho, anazunguka jukwaa kama anatafuta mlango. Anapiga kama anayelipa. Kwa hiyo alipokufa, watu walijiona wao ndio wanaodaiwa. Siku ya mazishi, Juni 19, 1995, maelfu walijipanga barabarani Cork kumsindikiza mpaka makaburi ya St Oliver's, Ballincollig. Na hawakuishia hapo. Cork wakampa kiwanja katikati ya mji na sanamu mwaka 1997. Dublin wakampa kona yake mwaka 2006. Ballyshannon wakamsimamishia sanamu ya shaba mwaka 2010, na kila mwaka wanamfanyia tamasha. Januari 2025 Belfast nao wakamjengea sanamu yao, nje ya Ulster Hall pale pale.

Lakini kuna upande ambao hizi sanamu haziusemi, na ndio ulionikosesha usingizi.

Rory hakuoa, hakuwa na mtoto. Meneja wake wa miaka mingi alikuwa ni mdogo wake, Donal. Miaka ya mwisho aliishi hotelini London. Alikuwa ameanza kuogopa ndege, anapewa dawa, na dawa zikichanganyika na pombe ini likaharibika. Onyesho lake la mwisho lilikuwa Rotterdam, Januari 1995. Baada ya hapo hospitali, akawekewa ini jingine, na ilipoonekana anapata nafuu maambukizi yakamkamata. Fikiria sasa. Ukumbi mzima unaimba jina lako, halafu usiku ule ule unapanda lifti peke yako na ufunguo wa chumba. Wale maelfu wa barabarani Cork walikuwa wapi jioni za Jumanne za kawaida? Si swali la kuwasuta. Shabiki angefanya nini, abishe hodi hotelini? Hakuna namna. Ila naona wengi waliolia siku ile walikuwa na swali hilo hilo kooni, na gitaa lilipokwenda mnadani swali likarudi. Safari hii palikuwa na kitu cha kufanya, wakakifanya.

Mwezi uliofuata nikachukua ruhusa ya siku mbili, nikapanda basi la Tanga. Nilibeba lile gazeti lenye aya zangu tatu. Segera nikanunua machungwa, nikafika jioni. Mjomba alikuwa barazani, mgongo umeegemea ukuta.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekonda. Huko Dar hamli?"

Nikampa gazeti. Akavaa miwani, akasoma aya ya kwanza, akaguna kwenye bei. Akasoma tena mpaka mwisho.

"Hapa hujaandika limekwenda wapi."

Kweli. Hiyo sentensi ilikatwa pia. Nikamwambia Makumbusho ya Taifa.

"Kuingia ni bei gani?"

"Bure, mjomba."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia nimeitazama ile filamu, nikamweleza na habari ya hotelini. Nilidhani hajui. Kumbe yule baharia mwenzake alimsimulia yote mwaka ule ule.

"Ndio maana nililia," akasema. "Nyie mlidhani nalilia muziki. Muziki si ninao kwenye kanda? Mimi nimelala vyumba hivyo miaka kumi na minne. Unatoka bandarini kwenye kelele, unafunga mlango, huna wa kumwambia hata umechoka. Nikasema, kumbe hata yule."

Sikuwa na la kusema. Nikaomba radhi kwa kumcheka, akanipungia mkono kama anafukuza nzi.

Redio yake ya kanda ilikufa zamani, kwa hiyo nikaweka simu yangu juu ya ndoo iliyofunikwa, sauti itoke vizuri. Akasikiliza nyimbo mbili kimya. Wa tatu ulipoanza akaniambia, huu Hamburg aliupiga vingine, ukawa mrefu zaidi, akaanza kunionyesha kwa vidole kwenye goti pale alipourefusha. Jirani wa upande wa pili akachungulia akauliza, mzee, leo kuna nini.

"Msiba," mjomba akamjibu. "Karibu ukae."

Yule jirani akavuta kigoda, akakaa. Nikamenya machungwa.