Orodha ya Waliokula

Kazi yangu ya kwanza ya uandishi iliyolipwa haikuwa hadithi wala shairi. Ilikuwa orodha ya majina ya watu waliokula pilau, na malipo yake shilingi 2,000. Ndugu msomaji, usinicheke bado.

Ulikuwa mwaka 2005, mwaka wa uchaguzi mkuu, na Dodoma yetu ilikuwa bado manispaa. Ujiji umekuja 2018. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nashinda kijiweni na washikaji tukisubiri sijui nini, na kwapani nina daftari la mashairi nililomsomea kila mtu, atake asitake. Mama mdogo wangu, muuza karanga na mboga pale Soko la Majengo, akaamua kugombea udiwani. Sisi vijana wa mjini tunapenda kubishana habari za urais, lakini anayekaa kwenye kikao cha halmashauri kinachopanga ushuru wa sokoni, au zahanati ijengwe kata ipi, ni diwani. Mama mdogo alikuwa amelipa ushuru ule miaka kumi na kitu. Na alikuwa na hasira ya maji: maji ya visima vya Mzakwe yalifika mjini, lakini kwetu pembezoni bomba lilikohoa hewa tu, tukawa wa kununua ndoo.

Lakini kwanza ilibidi apite kwenye kura za maoni za chama chake. Chama sikitaji. Pale hakupiga kura kila mwananchi. Wakati ule ilikuwa wajumbe, ukumbi mmoja, asubuhi moja. Na kwenye kata ambayo chama kina nguvu, mtu akishapita hapo, siku ya uchaguzi wenyewe ni kama mnakwenda kumpongeza tu.

Nikamwandikia hotuba. Jamani, ile hotuba! Ilianza na "Ndugu wajumbe, kwa unyenyekevu uliotukuka," na methali zikafuatana kama mabehewa. Akawa anaisoma usiku kwa taa ya chemli huku anakaanga karanga, na kila mara anakwama palepale.

"Mwanangu, hili neno lina kazi gani hapa?"

Nikamwambia ni la kupamba.

"Basi livue. Mimi nitasema habari ya maji."

Mpinzani wake alikuwa mfanyabiashara mwenye pikapu mbili. Siku tatu kabla ya kura aliwaalika wajumbe nyumbani kwake, jioni. Bibi yangu, mama mzazi wa mama mdogo, alikuwa mjumbe. Nilidhani hatakwenda. "Jirani akikuita ukakataa, umeanzisha ugomvi," akasema, akajitanda khanga, akaniambia nimsindikize kwa kuwa usiku macho yake hayaoni vizuri.

"Mbukwenyi!" mwenyeji akatupokea mlangoni kwa Kigogo safi, ingawa siku nyingine akipita na pikapu hapungi hata mkono. Pilau ya mbuzi, na soda mbilimbili. Kwetu mwezi ule ulikuwa ugali wa mtama na mlenda mfululizo, kwa hiyo sitajifanya mtakatifu: nilikula. Halafu kijana mmoja wa mwenyeji akauliza nani ana mwandiko mzuri. Bibi, kwa fahari kabisa, akaninyooshea kidole.

"Mjukuu wangu huyu ni mwandishi."

Nikapewa daftari. Jina, mtaa, kisha mtu anatia sahihi au dole gumba. Kila niliyemwandika alipewa kilo mbili za sukari na bahasha. Mimi nilidhani tunahesabu sahani. Nilipofika kwenye jina la Bibi nikalipamba kuliko yote.

Wakati ule jambo hili lilikuwa na jina lake la heshima: takrima. Sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2000, ikasema ukarimu wa kawaida au wa kimila, ukifanywa kwa nia njema, hauhesabiwi kuwa rushwa. Nia njema wanaipima kwa kilo au kwa sahani?

Asubuhi ya kura nilisimama nje, dirishani. Mama mdogo aliingia bila karatasi. Alizungumza dakika tano hivi, bomba na ushuru, basi, na ukumbi ukalipuka vigelegele. Akapata kura 14. Mwenye pikapu akapata 61.

Kijiweni wakasema wajumbe wamenunuliwa kwa pilau. Mimi nakataa. Mjumbe mzoefu anakula kwa huyu, anakula na kwa yule, halafu kura anampa amtakaye; kura si siri? Lililowafunga ni daftari. Mzee mmoja aliniambia bila kuzunguka: "Jina langu lilikuwa mle, kijana. Kura zingepungua, si wangeanza kutuhesabu mmoja mmoja?" Na majina yote yale yalikuwa kwa mwandiko wangu, unaosomeka vizuri.

Bibi aliapa kwamba yeye ni mmoja wa wale 14. Namwamini.

Uchaguzi wenyewe ulipangwa Oktoba 30, ukasogezwa hadi Desemba 14 baada ya mgombea mwenza wa Chadema kufariki. Mwenye pikapu akapita kirahisi.

Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaifuta takrima, katika kesi iliyofunguliwa na mashirika matatu, likiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Majaji waliona vifungu vile vinambagua mgombea asiye nacho. Nikalichukua gazeti hadi sokoni, nikamsomea mama mdogo pale kwenye meza yake. Nilipomaliza koo lilikuwa limenikauka. Nikamwambia habari ya daftari.

Akaendelea kukunja vikaratasi vya karanga.

"Najua. Bibi yako aliniambia usiku uleule, kabla hata ile sukari hatujaifungua."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize ili iweje? Hiyo elfu mbili ulinunulia nini?"

Nikamwambia: kalamu ya wino, na daftari jipya.

Akacheka mpaka wa meza ya jirani wakageuka. Kisha akampimia mteja karanga za shilingi mia, akanisukuma kwa kiwiko. "Haya sogea huko, unanizibia wateja."